Baiskeli za Mlimani, Kisiwa Kisicho na Mlima

Msikilizaji, popote ulipo hapa Pemba: Konde sokoni, Tumbe pwani, Kiuyu kwenye mwani, au hapa Micheweni unagonga kokoto na redio umeitundika mtini. Leo nimekuja na ugomvi. Usishtuke, si wa siasa, hizo zina wenyewe. Ni ugomvi wa baiskeli: wapi penye njia bora za baiskeli za mlimani? Nasema hizi zenye gia nyingi, tairi nene za meno na shokapu mbele, ambazo mgeni huziteremsha melini pale Mkoani, akavaa kofia yake ngumu, akaanza kupanda kilima huku watoto wanamkimbilia nyuma.

Ugomvi huu hatukuuanzisha sisi. Wamarekani wanao kwa karibu miaka 50. Kule California, upande wa Marin, kuna vilima vya jirani na mlima unaoitwa Tamalpais. Mwaka 1976 vijana wa huko walikuwa wakikusanya baiskeli kuukuu, nzito, za tairi pana na breki ya kukanyagia pedali nyuma, wakizipandisha juu kwa gari na kushindana kushuka. Njia yenyewe waliiita Repack, kwa sababu ukifika chini grisi ya ndani ya habu ya nyuma imeshaungua yote, sharti ufungue utie nyingine. Mafundi baiskeli mnaonisikiliza najua mshacheka. Basi mwaka huohuo, kwenye mji mdogo wa Crested Butte, jimbo la Colorado, watu wengine na makweche yao wakapandisha mpaka njia ya Pearl Pass, zaidi ya mita 3,800 kutoka usawa wa bahari, wakateremkia Aspen. Tangu hapo huyu anasema mchezo nimeuzaa mimi, na yule anasema mimi. Crested Butte wakawahi, mwaka 1988 wakafungua jumba la kuwaenzi magwiji wa mchezo. Ikachukua muda, lakini mwaka 2015 jumba hilo likafunguliwa upya mji wa Fairfax, huko huko Marin. Mahasimu wamebeba kombe pamoja na kabati lake! Na wakati hao wawili wanatazamana kwa jicho la pembeni, ukazuka mji wa Bentonville, jimbo la Arkansas, kwao Walmart, ambako warithi wa kampuni hiyo wamemwaga fedha kuchongesha njia za baiskeli, nao sasa unajiita mji mkuu wa baiskeli za mlimani wa dunia nzima. Hawakumuuliza mtu.

Huku kwetu Afrika Mashariki tambo ni hizohizo. Mkenya atakutajia Nanyuki, kwenye mashindano ya 10to4 ya chini ya Mlima Kenya, yanayochangia fedha za kuulinda msitu wake. Akimaliza hapo atakupeleka Hell's Gate karibu na Naivasha, hifadhi ambayo unaruhusiwa kupita na baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Wa Nairobi atakwambia hana haja ya kwenda mbali, ana msitu wa Karura, ambao marehemu Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka 1999, na leo vijana wanapiga pedali mle ndani. Watu wa bara kwetu wana Usambara, ukifika Lushoto shingo inakuuma kwa kutazama juu, na Kilimanjaro wana njia ya Kilema wanayopandishia baiskeli. Mnyarwanda yeye hana haja ya kupandisha sauti. Ana njia ya Congo Nile, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, na Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Pogačar, yule Mslovenia, akashinda kwenye vilima vyao, ulimwengu mzima unatazama.

Sasa Pemba. Mtu wa Lushoto akisikia Pemba nayo imo katika mashindano ya milima, atacheka mpaka kofia imwanguke. Kisiwa chetu, urefu kilomita 67 hivi, hakina hata kilele kimoja kinachofika mita 120. Huwezi kusimama popote Pemba ukaita mlima bila ya kumuonea haya Mchaga. Lakini tuelewane. Aliyezunguka kisiwa hiki kwa miguu, sembuse kwa baiskeli yenye mzigo, anajua kuwa tambarare hatunayo, ila upande wa mashariki. Magharibi yote ni vilima vidogovidogo vilivyobanana, udongo mwekundu juu, bonde la mpunga chini, kisha kilima tena. Hujamaliza kushusha pumzi, umeshaanza kupanda. Mlima mrefu unakuchosha mara moja ukaisha. Vilima vya Pemba vinakuchosha kwa rejareja.

Na vijia vilivyomo katika vilima hivyo havikuchongwa na tajiri wa Arkansas. Vingi vimechongwa na karafuu. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja kikaing'oa mikarafuu yake, Pemba ikasalimika. Tangu hapo karafuu ya Zanzibar ikawa kwa sehemu kubwa karafuu ya Pemba, na kila shamba likahitaji njia ya kutolea gunia: kutoka mlimani kwenye mikarafuu mpaka uwanja wa kuanikia, kutoka hapo mpaka barabarani au pwani. Wachumaji na wabebaji walikuwa wanachagua wenyewe pa kukanyaga. Kwa hivyo vijia vyetu vinapinda pale panapofaa kupinda na vinakwepa pale panapotuama maji, maana aliyevikanyaga alikuwa na gunia kichwani na hakutaka kuteleza. Huko ng'ambo watu wanalipwa fedha nyingi kuchora njia ya namna hiyo.

Haya, tuje nyumbani, maana huku ndiko kwenye ugomvi wa kweli. Mtu wa Mkoani anasema bora yake. Ana kile kilima cha kutokea bandarini ambacho ukikipanda na baiskeli isiyo na gia unateremka ukaisukuma, usinidanganye. Ana Mtambile, ana Wambaa, vilima vimesimama kweli. Kwa kupanda, Mkoani namkabidhi kombe mchana kweupe. Mtu wa Wete anayo barabara ya zamani ya kutoka Chake, ile iliyojikunja kama nyoka kati ya mikarafuu na migomba, na kwa uzuri wa macho sijaona ya kuishinda. Wageni wenye vitabu vyao vya safari huambiwa waipite hiyo, na wameambiwa kweli. Mtu wa Chake ana kila kitu kidogokidogo, na maneno mengi. Ndiyo mji mkuu wa kisiwa, tumzoee.

Sisi wa Micheweni tuna nini? Kwa wengi, jina la Micheweni ni mawe. Mashariki yetu, huko Kiuyu na Maziwa Ng'ombe, ardhi ni maweni: jiwe la matumbawe limetokeza juu, udongo umekaa kwenye vishimo tu, na watu wanalima mtama na uwele humo humo penye nyufa. Kwa baiskeli ni balaa. Si kwa kupanda, hakuna cha kupanda, bali jiwe lile lina makali ya wembe. Nenda kwa fundi yeyote upande huo utamkuta ameinamia beseni la maji, anauzungusha mpira wa ndani polepole anasubiri vipovu. Akiona kimetoka kipovu anapatia alama kwa mate na kucha, anapasugua kwa msasa, anapaka gundi, anaipuliza kidogo, anabandika kiraka na kukigonga kwa mpini wa bisibisi. Lakini kazi haijaisha hapo, na hapa ndipo utakapomjua fundi wa maweni. Atachukua kipande cha tairi kuukuu, akikate kwa kisu kipungue makali pembeni, akiweke ndani ya tairi pale palipochanika, ndipo arudishe mpira. Tairi ikizunguka inapiga kidundu kidogo, tup, tup, tup. Huku kwetu ukisikia tup, tup, tup alfajiri unajua kuna mtu anawahi pwani.

Lakini wilaya hii ina upande wa pili. Shika njia kutoka Konde kwenda kaskazini magharibi. Unaanza na mashamba, udongo mwekundu, vilima vya kawaida vya Kipemba. Kisha ghafla unaingia Ngezi. Jua linazimika. Ni kipande kilichosalia cha msitu mkubwa ambao zamani ulifunika sehemu kubwa ya kisiwa, mna mivule ambayo ukitaka kuiona kichwa lazima usimame, na popo wakubwa wa Pemba, wale wasiopatikana pahala pengine popote duniani. Ardhi nayo inageuka: sasa ni mchanga mchanga, mizizi imetambaa juu yake, na tairi ambayo ilikuwa inasema sana kwenye kidongo inanyamaza. Ukitoka upande wa pili uko Makangale, unapita mashamba ya mipira, halafu lazima uchague. Kulia Vumawimbi, kushoto Verani, mbele kabisa Ras Kigomasha na ule mnara wa taa wa chuma, wa tangu wakati wa Mwingereza. Yote hayo, kutoka Konde mpaka mwisho wa nchi, hayafiki kilomita 20. Kidongo, mchanga, mizizi, na ukirudi ukakata mashariki unakutana na maweni. Nani mwingine Pemba, au hata Unguja yote, anakupa ardhi nne kwa asubuhi moja?

Basi nimetoa hukumu yangu. Kwa kupanda, Mkoani. Kwa macho, Wete. Kwa kubadilika kwa njia, ambako ndiko kunakompima mwendeshaji na siyo mapafu yake tu, Micheweni. Anayetaka kukata rufaa asubiri, simu nitazifungua.

Ila kuna jambo linanikera katika mashindano haya yote, ya Marekani na ya Nanyuki na ya kwetu. Watu wanaipima njia kwa mtu asiye na mzigo. Anakuja mgeni, mkoba mdogo mgongoni wenye chupa ya maji, baiskeli nyepesi unaiinua kwa kidole, anashuka kilima akipiga ukelele wa furaha. Namsifu, wallahi, ana moyo. Lakini nyuma yake anateremka mchuuzi wa samaki aliyetoka mnadani Tumbe. Baiskeli yake nyeusi, ya chuma, haina gia hata moja. Nyuma kwenye keria amefunga tenga kwa mpira wa ndani uliokatwa vipande, limejaa dagaa au vibua, maji yanadondoka, na jua linazidi kupanda. Yeye hana nafasi ya kusimama kupiga picha, samaki hawamsubiri. Anashuka kwa breki ya mbele iliyobaki na ndara ya kushoto. Wenye jumba lao la magwiji huko Fairfax wamuone huyu kwanza ndipo tuzungumze.

Wala sisemi haya kwa kujifariji. Tom Ritchey, mmoja wa mafundi wa mwanzo kabisa waliounda baiskeli za mlimani kule California, alifika Rwanda mwaka 2005, akawaona wakulima wanateremsha mizigo milimani kwa baiskeli za mbao, fremu ya mbao na magurudumu ya mbao. Mtu ambaye biashara yake ni baiskeli za milimani akakuta watu wa milimani wanaoendesha miti. Mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha mashindano yaliyopewa jina la baiskeli hizo za mbao, na akaunda baiskeli yenye nyuma ndefu kwa ajili ya wakulima wa kahawa, wapakie magunia na kuwahi kiwandani buni ingali mbichi. Timu ya Rwanda ilianzia huko, kabla ya Kigali ya 2025. Wapanda baiskeli wao wa mwanzo walikuwa vijana waliokuwa na miguu ya mizigo.

Vuka mpaka uingie Goma, Kongo, kwa Waswahili wenzetu. Huko kuna chukudu. Ni mbao mbili tatu, usukani, magurudumu mawili yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, na mtu anapiga goti juu yake akateremka na magunia ya viazi au makaa kutoka milimani mpaka mjini. Breki ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, anakikanyaga. Goma wamemjengea sanamu mtu wa chukudu, rangi ya dhahabu, katikati ya mzunguko wa barabara. Nadhani ni mji pekee ninaoujua uliompa heshima hiyo mbebaji na siyo jemadari.

Na Mkenya naye, ukimuondoa kwenye tambo za Hell's Gate, cha kujivunia zaidi ni mtu mmoja wa rasta, David Kinjah wa Kikuyu. Kijana mmoja wa Kizungu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 alikuwa akimfuata nyuma kwenye vijia vya mashamba ya huko, analala kwenye nyumba yake ya bati, anafunzwa kufungua na kufunga baiskeli. Jina lake Chris Froome. Baadaye alishinda Tour de France mara nne. Vijia vile havina bango wala ramani. Ni njia za kwenda shambani, sawa na zetu.

Hapo ndipo ninapotaka tuwe na hadhari kidogo, sisi tunaotamani wageni waje. Siku hizi mgeni akipita njia, simu yake inaichora. Akifika chumbani anaipandisha mtandaoni, na mwezi ujao anakuja mwenziwe kutoka Ujerumani anafuata mstari ule ule. Mstari haujui kwamba pale unapokata kona ni uwani kwa watu. Pemba vijia vinapita nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba ndiko wanawake wanakopika, wanakofulia, wanakokaa vichwa wazi. Kijana wa kutembeza wageni anayejua kazi yake anapiga kengele mbali, anapiga hodi, anapitisha watu wake chini kwenye mgomba. Asiyejua anaufuata mstari. Na jingine: mkikutana kwenye kijia chembamba na mwanamke amebeba furushi la mwani mbichi, maji ya chumvi yanamtiririka shingoni, ni wewe wa baiskeli unayeingia majanini. Hili halihitaji sheria ya baraza la wilaya, na hata watoto wa chuoni wanalijua. Lakini mgeni ataambiwa na nani, kama sisi wenyewe tunamkenulia meno tu?

Kuna wanaosema njia ziachwe kama zilivyo, lami isifike, ati lami inaua utamu. Nimewasikia, na si wageni tu, wengine ni watu wetu wenye vyumba vya kulaza watalii. Mimi siwezi kumwambia mama mjamzito wa Makangale abaki na matope ya masika ili mtu apate raha ya kuteleza kwa wiki moja. Lami ije. Vijia vya karafuu viko mamia huko ndani, na barabara moja haiwezi kuviua vyote. Kinachoviua ni kuachwa. Shamba likiuzwa likawekewa uzio, au mikarafuu ikizeeka isipandwe mingine, hakuna anayepita, na magugu hayachukui misimu mingi kukifuta kijia. Anayetaka kuihifadhi njia ahakikishe kuna sababu ya mtu kupita.

Kwa hivyo nina pendekezo, na nalitoa hewani ili lisiibiwe. Tufanye mashindano yetu. Tusiige 10to4, hatuna huo urefu wa kushuka. Yaanze Tumbe baada ya mnada, yapite Konde, yapenye Ngezi, yaishie Makangale. Baiskeli ziwe za chuma, zisizo na gia, za kila siku. Kila mshindani awe na tenga lenye kilo 40 za samaki, lipimwe mwanzo na lipimwe mwisho, na kwa kila samaki aliyedondoka mshindani akatwe dakika. Pancha uzibe mwenyewe, gundi na pampu ubebe. Mgeni anaruhusiwa kushiriki na baiskeli yake ya shokapu, sina choyo, lakini tenga halimuepuki, na keria atafute mwenyewe. Wanaoujua mchezo wa ng'ombe Pujini na Chwale wanajua jinsi watu wa kisiwa hiki wanavyotoka na ngoma zao wakisikia kuna vijiji vinapimana nguvu. Ngoma tunazo. Samaki wakifika, wauzwe palepale kwa watu wa Makangale, bei ya Tumbe, pasiwe na ulanguzi.

Mkoani walete mtu wao wa vilima. Wete walete wao. Chake walete wao na msemaji wake. Sisi wetu yuko tayari, na sasa hivi hanisikilizi kwa sababu yuko njiani na tenga.

Nafungua simu. Taa ya kwanza inawaka... Haloo? Haloo, karibu. Unatokea wapi? Mkoani! Nilijua. Sema, lakini kwanza punguza sauti ya redio yako, tunajisikia mara mbili.